Slaida za pikapu: za bolti au za kuchomelea? Mwongozo kamili wa kuchagua na kufunga

Pikapu ikiingia kwenye mawe, sehemu inayoumia mapema ni katikati. Kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ya Toyota Hilux ya dabo kebini, yaani yenye milango minne, kuna milimita 3085, wakati Jeep Wrangler ya milango miwili ina takriban 2460. Jiwe ambalo Wrangler inalivuka bila kuligusa, pikapu inalikalia. Ikishalikalia, uzito wote unashukia kizingiti, ule ukingo mrefu ulio chini ya milango, na kizingiti si chochote zaidi ya mabati membamba yaliyokunjwa na kuunganishwa. Kikipondeka hata kidogo, mlango unaanza kukwaruza na baadaye unagoma kufunga. Kukinyoosha si kazi ya nyundo na rangi, maana kimeunganishwa na nguzo zinazobeba milango yenyewe.

Slaida ni bomba nene linalopita kando ya kizingiti na kushikiliwa na miguu iliyofungwa kwenye chesi. Jiwe likija linakuta slaida, gari linateleza juu yake, na bodi inabaki salama. Usiichanganye na ngazi ya kupandia. Ngazi nyingi zinazouzwa kama mapambo zimefungwa kwenye bodi, na kazi yake ni kubeba mguu wa mtu. Ikigonga jiwe, inajikunja na kukisukuma kizingiti ndani, hivyo ni afadhali usiwe nayo kabisa. Ukitaka kujua uliyonayo ni ipi, ifuate miguu yake mpaka inapoishia.

Watu hubishana sana kuhusu bolti na kuchomelea, kana kwamba nguvu ya slaida iko pale tu. Kwa maoni yangu, swali linalotangulia ni jinsi mzigo unavyosambazwa kwenye chesi. Slaida ya bolti yenye mabamba mapana inaishinda ile iliyochomelewa kwa miguu myembamba, na kinyume chake pia ni kweli. Tuanzie huko chini.

Hatua ya 1: Lala chini ya gari uangalie chesi

Chukua tochi, tepu na chaki. Hakikisha kwanza gari lina chesi inayojitegemea. Honda Ridgeline na Ford Maverick, kwa mfano, hazina. Bodi ndiyo chesi, na mengi ya maelezo haya hayazihusu.

Angalia umbo la chesi. Ikiwa ni boksi lililofungwa pande zote nne, inahimili vizuri kusokotwa, ingawa ndani yake hufikiki kwa spana. Ikiwa ni wazi upande mmoja kama herufi C, bolti zinapita kirahisi lakini chesi yenyewe husokoteka ukiisukuma kutoka pembeni. Na slaida hufanya hivyohivyo: jiwe likiinua ncha ya nje, mguu unakuwa wenzo unaotaka kuizungusha chesi. Zipo pikapu ambazo chesi ni boksi mbele na wazi nyuma ya kebini, kwa hiyo usiangalie sehemu moja ukadhani umeona yote.

Kisha tia alama kwa chaki kila kilichopo kati ya tairi la mbele na la nyuma: vishikio vya bodi vyenye mpira, paipu za breki na za mafuta, mafungu ya waya, bomba la ekzosi, tangi, na kipande cha chuma kinachobeba giaboksi. Hizi ndizo zitakazoamua miguu ikae wapi. Mguu ukiziba bolti za kishikio cha giaboksi, siku ya kubadilisha klachi utaikumbuka slaida hiyo kwa ubaya.

Mwisho, gonga chesi kwa nyundo ndogo, hasa chini na kwenye viungo. Chuma kizima kinalia kwa sauti kali, kilicholiwa na kutu kinatoa sauti nzito iliyofifia, na wakati mwingine magamba yanadondoka. Chesi ya namna hiyo haifai slaida ya aina yoyote mpaka itengenezwe.

Hatua ya 2: Kubali ukweli kuhusu njia unazopita

Kama safari zako ni barabara za vumbi, mchanga na makorongo ya mara chache, slaida itaguswa kwa nadra na nyepesi inatosha. Kama unapanda miamba makusudi, slaida itakuwa kiti cha gari. Utaiegemeza juu ya jiwe na kuizungusha gari juu yake. Katikati ya hao wawili ndipo walipo watu wengi: msituni, mitoni, na mawe ambayo hukuyapanga.

Fikiria na uzito. Jozi ya slaida za chuma za dabo kebini hufika kirahisi kati ya kilo 50 na 80. Zinatolewa kwenye uwezo wako wa kubeba mizigo, sawa na abiria mmoja asiyeshuka. Za alumini ni nyepesi, ila alumini ni laini: mwamba unaichimba na kuing'ang'ania badala ya kuiacha iteleze. Kwa mawe, mimi nabaki na chuma.

Hatua ya 3: Bolti au kuchomelea

Slaida ya bolti ina faida moja inayozidi zote: inatoka. Ikipinda unaibadilisha, ukiuza gari unabaki nayo, fundi akihitaji nafasi anaifungua. Chesi haichomwi, kinga ya kutu ya kiwandani inabaki, na mjadala wa waranti unakuwa mfupi. Mwaka 2016 Toyota ilifikia mapatano ya kisheria nchini Marekani ya kukagua na kubadilisha chesi za baadhi ya Tacoma, Tundra na Sequoia kwa sababu ya kutu. Hebu fikiria gari lako linaitwa kwa kazi kama hiyo. Slaida ya bolti inahamia chesi mpya mchana mmoja. Iliyochomelewa itabidi ikatwe.

Udhaifu wake uko kwenye mshiko. Bolti iliyokazwa vizuri haifanyi kazi kama pini. Inabana vipande viwili kwa nguvu nyingi kiasi kwamba msuguano kati yao ndio unaobeba mzigo. Ikilegea, msuguano unaisha, shina la bolti linaanza kugonga ukingo wa tundu, na tundu la duara linageuka yai. Hapo hata ukikaza tena umechelewa. Slaida inayoshikwa na yubolti peke yake, yaani bolti zenye umbo la U zinazozunguka chesi bila bamba lolote lililopenywa na bolti, ina tabia hii zaidi, maana yubolti huchubua rangi, zinakaa upya na kulegea. Zikiwepo pamoja na bolti za kupenya, sina neno nazo.

Slaida ya kuchomelea haina cha kulegea. Miguu na chesi vinakuwa kitu kimoja, nafasi ya kuipanga miguu ni pana zaidi kwa sababu hutegemei matundu ya kiwandani, na hakuna vichwa vya bolti vinavyoning'inia chini kugonga mawe. Kwa anayelikalisha gari juu ya mwamba kila wikendi, hiyo ni tofauti kubwa. Lakini ubora wake wote uko mikononi mwa fundi. Uchomeleaji mbaya huonekana sawa na mzuri kwa macho ya mwenye gari, na ukipasuka haupasui slaida, unapasua chesi. Watengenezaji wengi wa magari pia wana maelekezo kuhusu wapi chesi inaweza kuchomelewa na wapi ni marufuku, na baadhi ya chesi za kisasa zimetengenezwa kwa chuma cha nguvu ya juu ambacho joto hukipunguzia uwezo. Tafuta maelekezo hayo ya gari lako kabla fundi hajawasha mashine. Uliza pia ukaguzi wa magari na bima unakokaa, maana sehemu nyingine kuchomelea chesi ni badiliko linalohitaji kibali.

Uamuzi wangu ni huu. Gari bado lina waranti, au ni la kazi na safari, au hujui kwa hakika uwezo wa fundi wa kuchomelea: chukua za bolti zenye mabamba mapana. Gari ni la zamani, chesi nzima, utalitumia mpaka lichoke, unapanda miamba kweli, na una fundi ambaye umeona kazi zake: chomelea. Kuna njia ya tatu ambayo huitajwa kidogo. Unachomelea mabamba tu kwenye chesi, kisha slaida inafungwa kwa bolti kwenye mabamba hayo. Ni kazi zaidi na inarithi kasoro za pande zote mbili, ila kwa chesi yenye umbo la C inaweza kuwa suluhisho zuri, kwa sababu bamba linaiimarisha chesi pale inapobebeshwa.

Hatua ya 4: Chagua bomba, miguu na umbo

Kipimo kilichozoeleka kwa bomba la duara ni kipenyo cha inchi 1.75, karibu milimita 44.5, lenye ukuta wa inchi 0.120, yaani milimita 3 hivi. Kwa pikapu nzito inayokalia miamba, ukuta wa milimita 4.8 una maana. Bomba la mraba au mstatili lina nguvu zaidi dhidi ya kupinda kwa upana uleule, na jeki inakaa juu yake bila kuteleza. La duara linateleza vizuri zaidi kwenye jiwe. Muuzaji asiyetaja unene wa ukuta, mwulize. Asipojibu, nunua kwingine.

Hesabu miguu. Dabo kebini inataka minne kila upande, au mitatu yenye mabamba mapana sana. Tazama pia urefu wa kila mguu: kadiri slaida inavyokaa mbali na chesi, ndivyo wenzo unavyorefuka na mzigo kwenye bamba unavyoongezeka. Mguu mrefu uwe na pembetatu ya bamba kwenye kona yake.

Kuhusu pembe, slaida bapa inafaa kukanyagia, lakini inashuka chini kidogo. Iliyoinuliwa nyuzi 10 hadi 20 kuelekea nje inakumbatia mwili wa gari vizuri zaidi, na inaacha nafasi ya kubonyea kidogo kabla haijagusa kizingiti. Sehemu ya nyuma iliyotokeza nje ina kazi yake. Gari likikata kona kuzunguka mti, tairi la nyuma hupita ndani ya njia ya tairi la mbele, na ubavu unaelekea mti. Tokeo hilo linaugusa mti mapema na kulisukuma gari nje kabla karai la nyuma, lile la kubebea mizigo, halijakwaruzwa. Kumbuka tu kwamba slaida ya kawaida inalinda kebini. Karai linabaki wazi.

Hatua ya 5: Kufunga slaida za bolti

Safisha chesi kwa brashi ya waya pale mabamba yatakapokaa. Tope, lami na rangi nene inayobanduka ni adui wa mshiko, maana vikisagika bolti inalegea. Rangi ya kiwandani iliyoshika vizuri iache.

Inua slaida kwa jeki mbili au na mwenzako, uitie bolti zote kwa mkono bila kukaza. Zote. Ukiikaza ya kwanza kabla ya mwisho haijaingia, matundu ya upande wa pili hayatakutana, na hapo ndipo watu hukimbilia kupanua matundu kwa drili bila sababu.

Chesi ya boksi inahitaji uangalifu. Bolti ikipenya kutoka upande mmoja hadi wa pili, ukikaza unaziponda kuta za boksi ziingie ndani. Dawa yake ni busha, yaani kipande cha bomba ambamo bolti inapita, ya chuma ndani ya chesi, yenye urefu uleule wa nafasi iliyopo, ili nguvu ipite kwenye busha. Kama bolti inashika ukuta mmoja tu, seti nzuri huja na nati zilizochomelewa kwenye vibamba vyenye mkia wa waya. Unaingiza kibamba kupitia tundu kubwa la kiwandani, unakivuta kwa waya mpaka nati itokee kwenye tundu dogo, unatia bolti, kisha unautoa au kuukunja mkia. Nati za kubana kama riveti zinafaa kushikilia kitu chepesi. Usizitegemee peke yake kubeba gari.

Ikibidi kutoboa, toboa kwenye ubavu wa chesi, usiguse kingo za juu na za chini. Ubavu wa katikati hubeba msongo mdogo zaidi chesi inapopinda, ila tundu kwenye ukingo ni mwaliko wa ufa. Anza kwa drili ndogo, malizia na kubwa, lainisha makali ya tundu, paka praima na rangi, subiri ikauke ndipo utie bolti. Na kabla ya yote, tazama kilicho nyuma ya ukuta. Paipu ya breki haina huruma na drili.

Tumia bolti za daraja la 8.8 au 10.9, namba hizo huandikwa kichwani, pamoja na washa nene na nati za kujifunga. Kaza kwa spana ya kupimia nguvu, ukipokezana kati ya mguu mmoja na mwingine. Fuata karatasi ya mtengenezaji. Kama haipo, bolti ya M10 ya daraja 8.8 iliyo kavu huhitaji takriban Nm (nyutoni-mita) 45 hadi 50, na M12 karibu Nm 80 hadi 85. Ukishamaliza, piga mstari wa rangi unaokatiza kichwa cha bolti na bamba. Mstari ukivunjika siku moja, bolti imezunguka, na huhitaji spana kulijua hilo.

Rudi ukaze baada ya kilomita mia chache za kwanza, na tena baada ya safari ya kwanza ya mawe.

Hatua ya 6: Kuchomelea

Ondoa nyaya za betri, hasi kwanza, na uchomoe alteneta. Waya wa ardhi wa mashine ubanwe kwenye chesi karibu kabisa na unapochomelea. Ukiubana mbali, umeme utatafuta njia kupitia beringi na vifaa vya kompyuta. Sogeza au kinga paipu za mafuta, za breki na mafungu ya waya kwa blanketi la kuzuia moto. Mtungi wa kuzimia moto uwe karibu, na mtu wa pili awe anatazama upande usiouona, maana nta au lami iliyopakwa ndani ya chesi inaweza kuwaka huku wewe umevaa kofia. Baada ya kumaliza usiondoke. Moto unaofuka hujitokeza nusu saa baadaye.

Saga rangi na kutu mpaka chuma king'ae, pana kuliko bamba lenyewe. Usichomelee miguu moja kwa moja kwenye chesi. Ukuta wa chesi za pikapu nyingi una milimita chache tu, na mguu uliochomelewa ncha unaibonyeza sehemu ndogo sana. Weka bamba la milimita 5 au 6 lenye pembe za mviringo, refu kufuata chesi, likae ubavuni mbali na kona za juu na chini.

Mwelekeo wa mshono ndio unaotofautisha fundi na mchomeleaji wa mageti. Mshono ukikata chesi wima kutoka juu hadi chini unaacha mstari wa udhaifu palepale chesi inapopinda. Mishono mirefu iende sambamba na chesi, na kwenye ncha za bamba ama acha bila kuchomelea au tumia bamba lenye ncha iliyochongoka ili mshono uende kimshazari. Elekeza joto zaidi kwenye bamba, kwa kuwa ndilo nene. Ukilielekeza kwenye chesi utaitoboa. Mashine ya MIG yenye gesi inafaa. Kwa fimbo, E7018 zilizokauka kabisa ni bora kuliko zile zilizolala kwenye unyevu.

Gari liwe limekaa juu ya matairi yake wakati wa kuishikiza slaida kwa vidoto, yaani vinukta vidogo vya kuchomelea vya kuishika kwa muda, ili chesi iwe katika hali yake ya kawaida. Pima nafasi kati ya slaida na kizingiti, fungua milango yote, pima tena upande wa pili. Ndipo uchomelee vipande vifupi, ukihama mguu hadi mguu na upande hadi upande. Acha ipoe kwa hewa. Anayemwagia maji mshono wa moto anakifanya chuma kuwa kigumu na chepesi kupasuka, na kama fundi wako anakimbilia ndoo, mzuie.

Sasa kazi inayosahaulika kuliko zote: ndani ya chesi. Joto limeunguza kinga ya upande wa pili wa ukuta uliochomelea, na huko huoni. Nunua nta ya kuzuia kutu yenye mpira mrefu wa kunyunyizia, iingize kupitia matundu ya kiwandani, nyunyiza ukiwa unavuta mpira nje polepole mpaka nta ianze kudondoka kwenye matundu ya chini. Nje paka praima na rangi. Ukiruka hatua hii, mshono hautashindwa na jiwe, utashindwa na kutu baada ya miaka kadhaa.

Hatua ya 7: Jaribu kabla ya mawe kukujaribia

Kwenye ardhi tambarare, zuia matairi, weka jeki chini ya slaida katikati ya miguu miwili na uinue mpaka matairi ya upande huo yawe mepesi. Usiingize mwili chini. Pima nafasi kati ya slaida na kizingiti kabla na wakati wa kuinua. Kubonyea milimita chache ni kawaida, mradi ikishushwa inarudi palepale. Isiporudi, kitu kimepinda au kimehama. Ukitumia jeki ya Hi-Lift, ile ndefu ya wima ya mkono, kwenye bomba la duara, tafuta kiatu chake cha kushika bomba. Bila hicho jeki huteleza.

Halafu panda tairi moja la mbele juu ya tuta au rampu ili chesi isokoteke. Bodi inakaa juu ya mipira na haifuati chesi kwa kila jambo, kwa hiyo nafasi iliyoonekana ya kutosha kwenye sakafu inaweza kuisha hapa. Chini ya milimita 12 ni hatari, na 20 au zaidi inanifanya nilale vizuri.

Rangi na ukaguzi wa baadaye

Rangi ya unga inayookwa inapendeza mpaka jiwe la kwanza. Baada ya hapo maji huingia chini ya ngozi yake na kutu hutembea bila kuonekana. Kwa slaida inayotumika kweli, rangi ya kawaida ya kopo inatosha: saga, paka, endelea. Tundu dogo la kutolea maji upande wa chini wa bomba lisizibwe na tope.

Baada ya kila safari ngumu osha, kisha pitia miguu kwa tochi. Kwa za bolti tazama ile mistari ya rangi na utafute vumbi jekundu jembamba kuzunguka washa, maana hiyo ni dalili ya vyuma vinavyosuguana. Kwa za kuchomelea tafuta mstari mwembamba wa kutu pembezoni mwa mshono, hasa kwenye ncha za bamba. Mstari huo mara nyingi ni ufa ulioanza, na haufai kuongezewa mshono juu yake: toboa kitundu kidogo kwenye mwisho wa ufa ili usiendelee, usage wote mpaka chini, ndipo uchomelee upya. Ufa ukiwa umeshaingia kwenye ukuta wa chesi, gari lisirudi kwenye mawe kabla fundi wa chesi hajaliona.